Taa ya Chumba cha Pasi

Kola ya shati hupigwa pasi kutoka nchani kwenda katikati, upande wa ndani kwanza. Anayeanzia katikati huisukuma mikunjo mpaka pembeni, na shati zima likaonekana kama limelaliwa. Katika chumba cha pasi cha nyumba ile ya madobi hapakuwa na aliyelijua jambo hili vizuri kuliko mwanamke wa meza ya kwanza, ndiyo maana wakamwita Mama Kola. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mumewe na kwa ofisi ya mishahara.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha. Shuka za hoteli na makoti ya madaktari yaliteremka na unyevu wake, yakapanda yamenyooka. Pasi zilitumia mvuke uliopita kwenye mabomba kutoka tangi la moto lililokuwa uani, kwa hiyo umeme ukikatika pasi zilibaki na joto lake, zikazimika taa tu. Na umeme ulikatika karibu kila siku. Hapo wanawake walikaa juu ya marobota ya shuka, gizani, wakapiga soga mpaka taa zirudi. Msimamizi aliuita muda huo hasara, wao waliuita neema, na kwa kuwa gizani hakuna anayeona nani amekaa, mambo yalikwenda hivyo.

Zaidi ya hapo hakuna aliyekaa. Ilijulikana kwamba shati lililopigwa pasi na mtu aliyekaa hulegea mabegani, na wanawake wenyewe waliliamini hilo, wakalisema kwa maringo mbele ya madobi wa kwingine. Kiti kilikuwepo kimoja, pembeni mwa mlango, cha mbao, chenye mto uliofunikwa kitambaa cheupe. Kilikuwa kiti cha mkaguzi. Mkaguzi alikuwa amefika mara moja, zamani, akakisifia kiti, akaondoka bila kukikalia. Tangu hapo kitambaa kile kilifuliwa na kupigwa pasi kila Jumatatu, kwa zamu.

Kidonda cha Mama Kola kilianzia juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Kwanza ngozi ilibadilika rangi, ikawa kama pahali palipomwagikiwa chai. Kisha ikawasha. Kisha siku moja alijigonga kwenye mguu wa meza, kugonga kwenyewe kwa kusahaulika, ngozi ikafunguka na haikufunga tena. Watu huliita donda ndugu, na kweli lilikuwa na tabia za ndugu: lilikuja bila taarifa, likala vizuri, na halikusema litaondoka lini.

Meza ya pili alisimama wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa fundi wa shuka na daktari wa kila mtu.

"Kiache kipigwe upepo, wifi," alimwambia. "Kidonda si mtoto mchanga, unakifunika funika cha nini?"

Wakakiacha wazi, kikakauka kingo na kikachimba katikati. Wifi akaleta kapsuli za rangi mbili, wakazifungua, wakanyunyiza ule unga juu ya kidonda kama mtu anavyotia chumvi kwenye yai. Unga uligeuka gamba, na chini ya gamba kidonda kikaendelea na safari yake. Jioni Mama Kola alivua kiatu akakuta alama ya ukingo wake imechongeka kwenye mguu uliovimba. Alikuwa na subira nyingi, lakini kila akiutazama mguu ule aliogopa. Kazi yake yote ilisimama juu yake. Mguu ukienda, kola zingekwenda nao, na alizipenda kola.

Baada ya miezi kadhaa kidonda kilianza kutoa mwanga.

Umeme ulikatika asubuhi, wanawake wakaweka pasi pembeni na kugeukia marobota, lakini giza halikuingia. Chini ya meza ya kwanza kulikuwa na mwanga wa manjano, mtulivu, unaofika mpaka ukutani.

"Wifi, unawaka," alisema wifi yake.

"Naona."

"Unakuuma?"

"Unauma vilevile."

Msimamizi alishuka na kurunzi mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, ambaye naye kutwa nzima alisimama pale mlangoni, karibu na kiti asichokikalia. Alitazama ukutani, akatazama chini ya meza, akazima kurunzi ili asimalize betri. "Basi kazi iendelee," akasema. Wakaendelea. Tangu siku ile kukatika kwa umeme hakukuwa tena na faida kwa mtu yeyote chumbani.

"Mama Kola, si ungevaa hata soksi nene," alinung'unika mmoja wa meza ya nyuma. Alivaa mbili. Mwanga ukapita.

Nyumbani ulipokelewa vizuri zaidi. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mfupi wa maneno machache, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na kumdai heshima. Meza yake ilikuwa sebuleni. Jioni mke alisimama kando yake akikunja nguo, na fundi aliona meno ya gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Hakuchomeka taa tena. Wote wawili walikiri kwamba mwanga ule ulikuwa mzuri: haukupepesa, haukutoa moshi, haukuomba mafuta. Walizungumza zaidi kuliko walivyokuwa wamezungumza miaka mingi, na Mama Kola, maumivu yakimwacha, alikuwa na furaha.

Fundi saa ndiye aliyegundua kwamba mkewe akisimama mwanga unakolea, akikaa unafifia. Akaendelea na saa zake. Kisha jioni moja, alipokuwa akiingiza springi ya unywele kwenye saa ya kike, nyembamba kiasi kwamba wengine huigusa tu bila kuiona, alisimamisha kibano hewani.

"Mke wangu," alisema, "naona vizuri mno."

Akainama, akafunua pindo la gauni lake. Kidonda kilikuwa kimeenea, kinakaribia kuuzunguka mguu. Aliweka saa ya watu kwenye kisanduku bila kuifunga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kesho huendi kupiga pasi," akasema. "Kesho tunakwenda kwa nesi."

Nesi wa vidonda alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya baridi, na chumba chake kilikuwa na foleni isiyopungua. Aliuweka mguu juu ya kigoda kilichotandikwa plastiki, akaufungua, akakunja uso kidogo kwa sababu ya mwanga.

"Tangu lini kinawaka?"

"Tangu mwanzo wa mvua."

"Kinawaka zaidi ukisimama?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Wa ugonjwa wa sukari hawawaki. Kuna mmoja wao hapa, dereva, kisigino chake kinashika redio. Huyo maumivu hasikii kabisa, anasikia habari tu, ndiyo maana alitembea na msumari wiki nzima." Alibonyeza ngozi juu ya kidonda kwa kidole gumba, akatoa, na shimo la kidole likabaki. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Napiga pasi."

"Umesimama?"

"Sasa nitapigaje, nimekaa?"

Nesi alipima mapigo ya damu juu ya unyayo, akapima presha ya mkono na ya kifundo, kwa sababu, alieleza, mguu wenye damu haba haubanwi, ukiubana unauua. Wa Mama Kola ulikuwa na damu tele. Shida ilikuwa kurudi. Damu hushuka mguuni kwa urahisi, alisema, kupanda ndiyo kazi, na inayoipandisha ni misuli ya shavu la mguu, kila mtu anapotembea. Anayesimama pahali pamoja shavu lake limelala. Damu inatuama chini, maji yake yanavuja, ngozi inajaa mpaka chakula hakiifikii. "Inakufa njaa katikati ya mafuriko," alisema. "Halafu mnaimwagia unga wa kapsuli."

Mama Kola alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari, kwa niaba ya dada yake.

"Na tukikiacha?" aliuliza fundi saa.

"Hakisimami. Kitashuka mpaka kwenye mfupa. Huko sitaki tufike."

Alikiosha kwa maji ya chumvi vuguvugu, taratibu, akaondoa gamba na utando, akalaza juu yake shashi isiyonata, maana kidonda hutaka unyevu wake wa kiasi, hakitaki upepo wala bwawa. Kisha akachukua bandeji ya mpira, akaanzia kwenye vidole, akapanda nayo kwa kuibana mpaka chini ya goti. Chumba kikapungua mwanga, wa foleni wakalalamika.

"Nitakupa mbili. Moja unavaa, moja unafua. Ule mayai, maharage, samaki, kidonda hujengwa kwa chakula. Jioni inua mguu juu kuliko moyo. Kazini, omba kiti. Wakikunyima, inuka kwa vidole ushuke, inuka ushuke, shavu lifanye kazi yake."

Kiti aliomba siku ya pili. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Mama Kola, wewe mwenyewe unajua shati la kukaa."

"Najua, bosi."

"Wateja wataona."

"Hawataona ukinipa kola tu. Kola haina mabega."

Msimamizi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, au alitaka kuwa. Alitazama kiti cha mkaguzi, chenye kitambaa chake cheupe pe. "Kile ndicho tulicho nacho," alisema kwa masikitiko ya kweli, "na kile si chetu."

Mama Kola akarudi mezani, akaanza kuinuka kwa vidole na kushuka. Wifi yake akamuuliza anacheza ngoma gani. Baada ya kuelezwa, naye akaanza, wakafuata wengine, na chumba kizima kikawa kinapanda na kushuka juu ya shuka za hoteli. Msimamizi aliona kasi ya kazi haijapungua, akawaacha.

Nyumbani fundi saa alipanga mambo upya. Aliondoa visanduku upande mmoja wa meza yake, akaweka mto wa kitandani, na mguu wa mkewe ukalazwa pale juu, kati ya saa za watu. Ukiwa juu hivyo ulififia, lakini bado alipata mwanga wa kutosha saa za ukutani. Saa ndogo alizifanya mchana. Mke aliegemea kochi na kumsimulia ya kazini, na yeye akajibu "ehe" pale panapostahili.

Hata hivyo kidonda hakikupungua. Wiki zikawa miezi. Kila alipokwenda kwa nesi, karatasi ya plastiki iliwekwa juu, kingo zikachorwa kwa kalamu, na mchoro ukatoka uleule au mkubwa kidogo. Nesi alibadili shashi. Alitafuta wadudu kwenye usaha, hakuwapata. Alimuuliza kuhusu mayai, akajibiwa kwamba kuku wa mtaa mzima wamechoka. Mama Kola alianza kukosa usingizi, na usiku chumba kilikuwa na mwanga kiasi kwamba mumewe naye aliona kuwa hajalala. Aliushika mkono wake. Hakuna kingine alichojua kufanya kwa kitu kisichofunguka kwa bisibisi.

Siku moja nesi aliomba aione bandeji ya pili, ile ya kubadilisha. Mama Kola aliitoa kwenye mkoba. Ilikuwa nyeupe, imekunjwa mraba, kingo zake zinaweza kukata mkate.

Nesi aliishika kwa ncha mbili, akaivuta. Ilivutika. Aliiachia, ikabaki vilevile ilivyovutwa, kama mtu aliyekata tamaa.

"Mama," alisema polepole, "hii umeifanya nini?"

"Nimeifua."

"Halafu?"

"Nikaipiga pasi."

"Zote mbili?"

"Kila siku," alisema Mama Kola, na palikuwa na fahari kidogo ndani yake. "Na wanga kidogo. Mimi sivai kitu chenye mikunjo, nesi. Watu wangesemaje?"

Nesi alikaa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya koti, ambalo, Mama Kola aliona, kola yake ilianziwa katikati. "Umeua mpira wake," alisema alipoweza. "Mpira haupendi moto. Miezi yote hii umefunga mguu kwa kitambaa cha mezani. Hii inafuliwa kwa mkono, inakamuliwa ndani ya taulo, inalazwa kivulini, basi. Mikunjo yake ndiyo dawa."

Alimpa mpya. Kwa mwanamke yule kuvaa kitu kilichokunjamana haikuwa jambo jepesi. Siku za kwanza alivaa sketi ndefu, akatembea karibu na kuta. Jumamosi moja mumewe alimkuta amesimama na bandeji mkononi mbele ya pasi ya nyumbani, anaitazama tu. Aliichomoa pasi ukutani, akaipeleka kwa jirani ikakae huko.

Kidonda kikaanza kupungua. Kilipungua kama deni la maskini linavyopungua, lakini kilipungua: ngozi changa ya waridi iliingia kutoka kingo, kila wiki mchoro wa kalamu ukawa mdogo ndani ya ule wa zamani. Na mwanga ukapungua nao. Kwanza haukutosha tena hata saa za ukutani. Jioni fundi saa aliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa kioo, akaangusha skrubu, akaitafuta sakafuni kwa viganja.

"Nisimame kidogo upate mwanga?" aliuliza mkewe. "Dakika mbili tu."

"Kaa."

"Utapoteza wateja."

"Skrubu nikipoteza nitanunua nyingine," alisema akiwa bado chini ya meza. "Mguu wako sijui unauzwa wapi. Kaa, nimesema."

Hakuwa mtu wa maneno, na haya yalikuwa mengi. Mama Kola alikaa. Alimpenda sana jioni ile, akamwambia hivyo, na yeye akajibu "ehe" kutoka chini ya meza. Kesho yake alichomeka taa ya zamani na kuvaa miwani iliyomfanya aonekane mwalimu mkali.

Kidonda kilifunga mwezi wa matunda. Palibaki ngozi laini inayong'aa, ya kung'aa kwa kawaida tu, kama ya mtu mwingine yeyote. Nesi alimpa soksi ya kubana, akamwambia ataivaa kila siku ya maisha yake, avae asubuhi kabla ya kushusha mguu kitandani, maana donda ndugu hukumbuka njia. Mama Kola aliitikia. Soksi haikuwa na mkunjo hata mmoja, na hilo lilimfurahisha kupita yote.

Siku aliyofika kazini na soksi hiyo, umeme ulikatika kabla ya chakula cha mchana. Mmoja wa meza ya nyuma alicheka kwa raha. Wakaweka pasi, wakageukia marobota, wakasubiri giza.

Halikuja. Chini ya meza ya pili wifi yake alikuwa anawaka, rangi ya chungwa. Meza ya tano palikuwa na mwanga mwingine, mdogo, wa binti aliyeajiriwa juzi tu. Nyuma kabisa mwingine, na mwingine. Kwa muda mrefu taa ya Mama Kola ilikuwa imezimeza hizi nyingine. Sasa mwanga ulitanda sakafuni, umefika magotini, mzuri kuliko wa balbu.

"Kazi iendelee," alisema msimamizi kutoka mlangoni, na wakaona kwamba mlangoni nako kuna mwanga, unatoka kwenye pindo la suruali yake ya kijivu.

Wakarudi mezani. Saa ya chakula msimamizi alikuja meza ya kwanza, akakohoa, akapandisha suruali.

"Mama Kola. Hivi wewe ulifanyaje?"

Alimwambia aweke mguu juu ya robota. Alikibonyeza kifundo kwa kidole gumba, shimo likabaki. "Nenda kwa nesi kwanza akupime mapigo," alisema. "Mguu wenye damu haba haubanwi. Na usinyunyize unga wowote."

"Mimi ndiye niliyeleta habari za unga," alisema wifi yake, "na mimi ndiye ninayewaka sasa. Msinitazame."

"Nikikaa, nitapona upesi?" aliuliza msimamizi.

"Ukikaa na kuinua mguu, ndiyo."

Msimamizi alikitazama kiti cha mkaguzi. Alikitazama kwa muda, kama mtu mwenye njaa anavyotazama chakula cha mgonjwa. Kisha akashusha suruali, akashusha mguu.

"Mkaguzi anaweza kuja wakati wowote," alisema.

"Kweli, bosi."

"Basi nifundishe kuinuka kwa vidole."

Akamfundisha. Alikuwa mrefu, akipanda alikaribia kugusa mabomba ya mvuke, lakini alijitahidi. Mama Kola alimweleza kuhusu mayai, kuhusu kuanzia vidoleni, kuhusu kufua kwa mkono na kukamua ndani ya taulo. "Na bandeji, bosi," alisema kwa sauti ya chini, maana hili halikuwa la kila mtu, "usiipige pasi. Utatamani, lakini usiipige."

Jumatatu ilikuwa zamu yake ya kitambaa cha kiti cha mkaguzi. Umeme haukuwepo. Alikipiga pasi kwa mwanga wa wifi yake, kutoka nchani kwenda katikati, akipanda na kushuka kwa vidole, mguu ukiwa mwepesi na hauumi popote. Alipomaliza alikipeleka mlangoni, akakitandika juu ya mto, akavuta pembe zote nne mpaka kikakaa sawasawa. Kisha akarudi kusimama mahali pake.